Firigisi ya Mwenyekiti

Nimewaonea wivu watu wengi, sifichi. Nilimwonea jirani aliyeezeka nyumba yake kwa mabati mapya, nikamwonea dada yangu nywele zake, na hapa sokoni Bungoma, ninapouza vitambaa, mpaka leo namwonea kila mwenye kibanda cha kona. Lakini hakuna niliyemwonea wivu kwa miaka mingi, na kwa moyo wangu wote, kama muuza kuku mmoja wa Kitale. Jina lake analo na wanawe wanalijua. Sisi tulimwita Mama Kuku, naye akaitika.

Alikuwa mfupi, mpana wa kiuno, na mikono yake ilijaa makovu membamba ya makucha. Kuku hakuwashika kwa miguu, vichwa chini, kama wafanyavyo wengine. Aliwakumbatia kwapani kama anayebeba mtoto wa dada yake. Mteja akitaka kujua afya ya kuku, Mama Kuku alimgeuza, akampuliza manyoya ya kifuani mpaka ngozi ikaonekana, kisha akatoa hukumu. Huyu anataga. Huyu mlafi. Huyu ameibwa.

"Ameibwa? Umejuaje, Mama Kuku?"

"Si unaona vile anaangalia nyuma nyuma? Anangoja mwenyewe."

Watu walicheka na kuku akanunuliwa, awe wa wizi au wa halali. Alikuwa na kicheko cha kuanzia tumboni, kinachosikika ng'ambo ya barabara, na kicheko hicho ndicho kilichonianzishia wivu. Nilikuwa nikikisikia nikiwa ndani na mama yangu, ambaye hakuwa akicheka, na nilijua kwamba wote wawili walikuwa na sababu moja ya kutocheka.

Tuliishi joshoni. Lilikuwa josho la zamani la kuogeshea ng'ombe, limekauka, kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Moi's Bridge, na kuzunguka josho hilo kulikuwa na vibanda vya watu waliofukuzwa kwenye shamba moja. Hadithi yetu ni fupi, na Trans-Nzoia nzima ina ndugu zake. Wazazi wetu waliuza ng'ombe zao na vishamba vyao vya huko Sirisia na kwingineko, wakachanga, wakanunua shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Wakamchagua mtu mmoja awe mwenyekiti, kwa kuwa alijua Kiingereza na alikuwa na koti. Hati ilipotoka ilitoka na jina lake, pamoja na majina ya wakubwa wawili watatu ambao hatukuwahi kuwaona wakishika jembe.

Baba yangu alisimama mkutanoni akasema huo ni wizi. Wiki ile ile akakamatwa kwa kosa la kuiba ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe alikuwa wake, aliyemlea tangu ndama. Alirudi kutoka seli akiwa hawezi kukaa wala kulala chali, na msimu wa mahindi haukuisha kabla hatujamzika. Baada ya hapo likaja trekta. Nyumba ya kwanza kupigwa chini ilikuwa ya Mama Kuku. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na kaburi la kifunguamimba wake, kijana aliyekufa kwa homa kabla ndevu hazijamtoka. Trekta halikuzunguka. Mahindi yalipandwa pale mwaka ule ule, na waliokuwa wakipita walisema yalistawi sana. Mume wake akavuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi, asirudi.

Ndivyo walivyobaki joshoni wanawake wawili wenye kesi na mtu mmoja. Yeye Mwenyekiti akawa diwani, akawa mgeni wa heshima katika kila harambee, akafungua makanisa na kukata utepe wa matangi ya maji. Jina la Mwenyekiti halikumtoka, hata alipokuwa na vyeo vikubwa kuliko hicho.

Mimi nilikua nikiamini kwamba kesi yetu ndiyo kubwa. Kwetu alikufa mtu! Kwa Mama Kuku alikufa mtu mapema, kwa homa, na kosa la Mwenyekiti lilikuwa kwa udongo tu. Najua ni aibu kupima misiba kwenye mizani, lakini niliipima, tena kila siku. Na kila siku niliona dunia ikimpa Mama Kuku kilo zaidi. Mchungaji mgeni akija joshoni, alikaa kwake. Vijana wa kutetea haki wakija na kamera zao, walikunywa chai kwake. Mama yangu alikuwa akiwaona wakipita mbele ya mlango wetu, anarudi kuchambua maharagwe yake.

Kisha serikali ikabadilika. Watu waliimba barabarani, na hata mama alinunua leso mpya. Tukasikia kuna tume inakuja Kitale kuwasikiliza walionyang'anywa mashamba. Mama aliamka alfajiri, akavaa gauni la kanisani, akafunga kitambaa kichwani mara tatu mpaka kikakaa sawa. Ukumbini alipoitwa, sauti yake haikutoka. Aliongea kwa kunong'ona, na bwana mmoja wa tume akamwambia aongeze sauti, kisha baada ya kidogo akamwambia afupishe. Akafupisha. Alisema, "Walimchukua, wakamrudisha, akafa," akakaa.

Mama Kuku aliitwa baada yake. Hakumtaja Mwenyekiti wala hati. Alieleza jinsi alivyokuwa akifagia kaburi lile kila Jumamosi, na jinsi siku hizi Jumamosi ikifika mikono yake haijui ifanye nini. Mama mmoja wa tume alivua miwani akajifuta macho. Kesho yake asubuhi sauti ya Mama Kuku ilikuwa kwenye redio. Mama yangu aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Amesema vizuri." Mimi nikaizima kwa hasira, na siku nzima sikumsemesha Mama Kuku ingawa alinipungia mkono mara mbili.

Tume ilikwenda na karatasi zake. Mwezi ule ule Mwenyekiti alizindua tangi lingine la maji.

Mama Kuku hakushangaa. Alikuwa na misemo yake kuhusu wakubwa na sheria, na watu wa sokoni waliirudia hata bila kujua imetoka kwake. Mtu akisema siku za mwizi ni arobaini, yeye alijibu, "Hizo ni za mwizi mdogo. Mwizi mkubwa ndiye mwenye kalenda." Na mtu akiuliza kama tutaishi kumwona Mwenyekiti kizimbani, alisema, "Mkubwa hafungwi, bana. Mkubwa huugua tu."

Msemo huo wa pili uliniudhi. Niliona kuugua si hukumu, kwa kuwa baba yangu naye aliugua, tena bila kosa. Tulibishana siku moja kwenye hoteli ndogo karibu na msikiti wa Kitale, ambako Mama Kuku alipeleka kuku wazima kila asubuhi. Mwenye hoteli, mzee Mwislamu mpole, aliwapokea wazima ili awachinje mwenyewe kwa sheria ya dini yake, na alimwamini Mama Kuku kuliko muuza kuku yeyote mjini. Alitusikiliza, akasema, "Malipo ni hapa hapa duniani. Ahera ni kwenda kuhesabu."

"Basi mbona yeye hajalipa?" nikauliza.

"Hujui analala vipi, mwanangu."

"Analala kwenye godoro zuri," nikasema, na Mama Kuku akacheka hadi kuku wakashtuka kwenye tenga.

Hapo ndipo nilipotoboa lililokuwa likinikereketa. Nilimwambia mbele ya mzee yule kwamba yeye hana haki ya kumsema Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa akimuuzia kuku. Na ilikuwa kweli. Kila sikukuu gari la Mwenyekiti lilisimama joshoni, na Mama Kuku aliwachagulia majogoo wazuri, akawapuliza kifuani, akawafunga miguu kwa upole.

"Kuku hana kesi na mtu," akanijibu.

"Wewe unayo."

"Mimi ninayo. Lakini nikimnyima jogoo, ataenda kwa mwingine, na mimi nitakosa kujua kama huyo mtu bado anakula. Nataka nijue. Siku ile ataacha kukula kuku, nataka nikuwe wa kwanza kujua."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Kanisani aliimba sauti ya pili na kusali kwa ajili ya adui zake akiwataja kwa vyeo, na hapo hapo akafuatilia tumbo la adui yake kwa makini ya daktari. Aliwafundisha wasichana wa joshoni wasichukie, kisha akampa jina la Mwenyekiti jogoo mmoja mkorofi na kumpiga teke kila alipompita. Nilishindwa kujua kama amesamehe au anangoja, na nadhani hata yeye hakujua. Wivu wangu ulikuwa hapo pia. Mimi nilikuwa na chuki moja tu, nzito, isiyo na mlango wala dirisha, na yeye alikuwa akiingia na kutoka katika ya kwake atakavyo.

Mama yangu alikufa kwa kifua, masika moja. Alikufa bila kusikia chochote kutoka kwa mtu yeyote. Mama Kuku alilia kwenye mazishi kuliko mimi, na hilo nalo nililiona.

Mwaka uliofuata gari lilipokuja sikukuu, likachukua majogoo machache kuliko kawaida. Baadaye likaacha kuja. Mama Kuku alitangaza mwenyewe: "Ameacha kukula." Ilikuwa kisukari, kikamla miguu, kikamla macho, kisha kiharusi kikamwangusha kitandani katika jumba lake lililo katikati ya shamba letu. Tulisikia amekonda, hali, haongei vizuri, lakini hafi. Wiki zikapita. Kwetu wazee huamini kwamba mtu akilala hivyo, si hai si maiti, kuna mtu aliyemkosea ambaye moyo wake umemshika mguu. Hana budi kuletwa mtu huyo. Mgonjwa anasema kosa lake kwa kinywa chake, na aliyekosewa akitaka anachukua maji kinywani, anampulizia kifuani, anamwambia nenda. Asipotaka, anaondoka, na mgonjwa anabaki na pumzi yake.

Siku ile nilikuwa joshoni. Nilikuwa nimekwisha kuolewa Bungoma, lakini nilikuja mara kwa mara kuangalia kibanda cha mama. Nilikuwa naanika nguo. Gari jeusi likasimama, wakashuka vijana wawili waliovaa viatu vya Nairobi, wanawe Mwenyekiti.

"Sasa, auntie," mmoja akasema. "Samahani. Tunaulizia yule mama mzee wa hapa joshoni."

Niliwaona wanatazama vibanda kama watu waliopotea. Nikajua nyumba yao imejaa wageni wa kumwona mgonjwa, na wageni lazima wachinjiwe.

"Wa kuku?" nikauliza.

Walitazamana. "Mzee amesema tu mama wa joshoni. Si ni huyo?"

"Mwingine hayuko. Ni yule pale," nikasema, nikawaonyesha kwa kidole changu mwenyewe.

Nikaendelea kuanika. Nilipogeuka nilimwona Mama Kuku amevaa nguo ya kanisani na anafunguliwa mlango wa gari. Tenga la kuku limebaki chini. Nilisimama na shuka yenye maji mikononi mpaka gari likapotea, na maji yakanimwagikia miguuni.

Jioni alirudishwa. Josho zima lilikuwa limesimama barabarani. Habari zilikuwa zimemtangulia kupitia mpishi wa jumba lile: Mwenyekiti alikuwa amemwomba Mama Kuku radhi. Mbele ya wanawe. Kwa kinywa chake kilichopinda, maneno yanatoka moja moja, lakini yalitoka. Naye Mama Kuku alipuliza maji. Na kabla ya kupuliza, walimchinjia kuku, na mgonjwa mwenyewe akaagiza firigisi awekewe mgeni.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe kwa nini habari ya firigisi ndiyo iliyotufanya tushike vichwa. Kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Mwanamke huisafisha, huipika, hulinda isipotee sufuriani, kisha huipeleka mezani kwa mwanamume. Nyanya zangu walikufa bila kuionja. Na sasa mtu aliyetunyang'anya shamba alikuwa ameitoa firigisi kwenye meza yake, akampa mwanamke wa joshoni, mbele ya wanawe, yaani amekiri kwamba yule aliyeketi pale ndiye mwenye boma.

Watu walimbeba Mama Kuku juu kwa juu. Mtu mmoja alipiga kelele, "Haki imepatikana!" Mimi nilirudi ndani nikafunga mlango. Nililia kwa wivu, na wivu una machozi ya moto kuliko huzuni. Kwa nini yeye? Alipoteza nini ambacho sisi hatukupoteza? Kama Mwenyekiti alikuwa na pumzi ya kumwomba radhi mtu mmoja tu, kwa nini asimtaje baba? Asubuhi nilimwuliza Mama Kuku, "Alisema nini?"

"Alisema alikosa," akanijibu, akaingiza mkono kwenye tenga.

"Alimtaja baba?"

Alishika kuku, akampuliza kifuani kwa muda mrefu. "Mtu mgonjwa anasema maneno mengi," akasema. Nikaona ananinyima.

Mwenyekiti alikufa kabla ya Jumapili. Mazishi yake yalikuwa na mahema meupe, na wakubwa waliosifu jinsi alivyowapenda wanyonge. Hakupelekwa mahakamani hata siku moja. Shamba lilibaki kwa wanawe, na liko kwao mpaka leo. Lakini joshoni watu walisema amehukumiwa, na hakimu ni Mama Kuku. Walikuja kutoka mbali kumwuliza ilikuwaje. Walimpa kiti. Nilihama kabisa, nikabaki na vitambaa vyangu Bungoma, na nikienda Kitale nilipita upande wa pili wa barabara.

Kitu kimoja nilikiona hata kutoka upande ule wa pili. Kicheko chake kilikuwa kimepungua. Na ukumbini, kanisani, sokoni, hakumtaja tena mtoto wake wa kaburi. Nilidhani ni kushiba.

Miaka ikaenda. Miguu ilimwisha, binti yake akamleta Bungoma kuishi naye, kwenye nyumba za kupanga nyuma ya stesheni ya reli. Nilijua yuko, sikwenda. Mpaka siku moja alasiri akaja mtu wa boda boda kibandani kwangu, akaegesha baiskeli yake, akaniambia, "Nimetumwa na Mama Kuku, amesema uje ule." Nikapanda kile kiti chake cha sponji, huku najiambia naenda kuona tu alivyozeeka.

Alikuwa amezeeka. Alikaa kwenye mkeka uani, mdogo, kitambaa kichwani, na kando yake kuku mmoja tu amefungwa kamba mguuni.

"Umekuja. Nirifikiri utakataa," akasema. Ulimi wake, kama wa wengi wa upande wetu, uligeuza herufi alipochoka.

"Nilikuwa na wateja, Mama."

"Urikuwa na kiburi. Kaa."

Tulisalimiana, tukaulizana watoto. Binti yake akaleta maji ya kunawa, ugali, na bakuli la kuku. Firigisi ilikuwa juu, imepasuliwa na kusafishwa vizuri. Mama Kuku alilisukuma bakuli mpaka likagusa goti langu.

"Hiyo ni yako."

"Mimi? Kwani mimi ndiye mzee wa boma?"

"Ni yako tangu siku ile. Mimi niriikura, na haikuwa yangu."

Nikamtazama. Aliongea akiangalia kuku wake.

"Siku ile niliingia, akasikia viatu vyangu. Macho ilikuwa imekufa, haoni. Akasema, 'Mama, bwana yako sikutaka akufe. Niliwaambia wamtishe tu. Na ile ng'ombe ilikuwa yake, hata mimi nilijua ni yake.' Nikasema kwa roho yangu, ng'ombe gani? Mimi sikuwa na ng'ombe. Na bwana yangu hakukufa, alipotea. Ndio nikajua ni mama yako anaitwa."

Ugali ulikuwa mkononi mwangu. Niliurudisha kwenye sahani. Kidole changu mwenyewe kilinijia akilini, kikionyesha upande wa matenga ya kuku.

"Hukumwambia mama amekufa?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

"Nilingoja. Nilisema acha amalize ya huyo, afike kwa yangu. Akanyamaza. Nikamuuliza, 'Na ile kaburi?' Akasema, 'Kaburi gani?' Nikamwambia, ile ya kijana, nyuma ya nyumba, trekta ilipita juu yake. Akageuza uso kwa mtoto yake, akamuuliza, 'Huyu mama anasema nini?'"

Kuku alivuta kamba. Mama Kuku alimvuta karibu, akamweka kwapani.

"Hakuwa anajua," akasema. "Hata hakukataa. Hakuwa anajua kama kulikuwa na kitu hapo. Miaka yote hiyo mimi nahesabu kuku zake, yeye hajui."

"Na bado ukapuliza maji."

"Nilipuliza."

"Kwa damu ya baba yangu!" Sauti yangu ilipanda, binti yake akachungulia mlangoni. "Pengine mama angekataa. Pengine mimi ningekataa! Ningemwacha alale pale na ile pumzi yake mpaka aoze. Ilikuwa hukumu yetu, Mama Kuku. Hiyo ndiyo korti pekee tuliyowahi kupata, na wewe ukaifunga."

"Ni kweli."

"Ni kweli tu?"

"Unataka niseme nini? Nilikuwa nimekaa pale na nguo ya kanisa. Watoto yake wamenishikia mikono hivi. Firigisi iko kwa sahani. Nikajiuliza, nikitoka hapa bila kitu, nitaenda kwa nani mwingine? Mtu mwenyewe ni huyu. Akikufa, imeisha. Nikachukua ya mama yako. Nikakura. Halafu nikatoka, na nyinyi mkanibeba juu, nikashindwa kuwaambia mnishushe."

Nilitaka kumtukana. Lakini nilikuwa nikiyasikia maneno mengine: ile ng'ombe ilikuwa yake, hata mimi nilijua ni yake. Yalisemwa. Wanawe waliyasikia, na wanayajua mpaka leo wanapolima pale. Baba hakuwa mwizi, na aliyemwita mwizi alikiri kwa kinywa chake. Nilijaribu kumfikiria mama akiyasikia, gauni la kanisani, kitambaa kimekaa sawa kichwani.

Mama Kuku alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Wewe ulinionea wivu," akasema. "Nilijua. Kila siku ulipita ule upande mwingine. Na mimi nilikuwa nakuona, nasema, ona huyu msichana, hajui. Huyo mtu alibeba baba yako kwa roho yake mpaka kwa kitanda ya kufia. Usiku alikuwa anamuona. Ya kwangu alilima tu." Akamtuliza kuku. "Ningepewa nichague, ningechukua ya kwako."

Mbali kidogo mtu alikuwa akipiga msumari kwenye bati. Nikaitazama ile firigisi. Nilijua lililo jema, nimelelewa. Kisu kilikuwa pale pale kwenye sinia. Ningeikata katikati, nusu yangu, nusu yake, tukala pamoja kama watu wa joshoni.

Sikuikata. Nilichukua yote kwa vidole, nikaiweka kinywani. Firigisi ni ngumu, haimezwi haraka, nami sikuwa na haraka. Nilitafuna polepole mpaka mwisho, na Mama Kuku hakuondoa macho yake kinywani mwangu, akinitazama vile vile nilivyomtazama yeye miaka yote ile.